Maji ya Manol na Chupa za Zlatina

Kabla Studenik haijapata jina, ilikuwa na maji. Wachungaji walipandisha kondoo wao mlimani, wakakuta ufa katika mwamba na maji yanayotoka humo, baridi ya kuuma meno, wakakaa. Nyumba zilikuja baadaye, kanisa likaja baadaye zaidi, na kila jambo kubwa la kijiji likawa linaanzia pale majini.

Dafina naye alianzia pale. Aliletwa Studenik akiwa bibi harusi kutoka kijiji cha bondeni, na asubuhi ya kwanza ya ndoa yake hakuonyeshwa jiko wala zizi. Alipelekwa majini. Mama mkwe mbele, wanawake nyuma wakiimba, yeye katikati na mzegazega begani, ndoo mbili za shaba zikining'inia huku na huku. Akainama mbele ya maji kama anayesalimia wakwe, akarusha mtama kidogo, akateka. Mama mkwe akazipindua ndoo kwa mguu. Akateka tena, zikapinduliwa tena. Mara ya tatu ndipo alipoachiwa azipeleke nyumbani bila kudondosha, na wanawake wote wamemkazia macho mabegani. Mmoja wao akasema, "Huyu hatembei, anabembea," na sifa hiyo ilimtosha Dafina kwa miaka mingi.

Siku hizi bibi harusi hapelekwi majini. Anapelekwa kwa mpiga picha.

Mumewe, Manol, alikuwa mwashi wa mawe, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa kama koleo. Kazi ilipokufa nyumbani alikwenda Uhispania pamoja na rafiki yake Valko, mwashi mwenzake, wakajenga nyumba za watu wasiowajua, wakarudi. Valko alirudi na maumivu ya kiuno. Manol alirudi na vumbi la mawe kifuani. Alikohoa majira ya baridi mawili, na mwisho ulipokaribia alimwita mkewe karibu na kitanda.

"Usinijengee kaburi la marumaru," alimwambia. "Watu hawanywi marumaru. Nirudishie yale maji."

Dafina alijua anasema maji gani. Serikali ilipoleta mabomba majumbani, mashine ilivunja jiwe la kale lililokinga maji kwenye ule ufa na hakuna aliyejali kulirudisha. Maji yalikuwa yakipotea kwenye upupu. Na katika milima ile, tangu babu wa babu, marehemu hujengewa maji njiani na walio wake, ukuta wa mawe wenye mdomo wa kunywea, na kila apitaye akinywa humwombea kwa neno moja: Mungu amsamehe. Wanaamini kwamba neno hilo, likisemwa na mdomo ulioburudika, hufika haraka kuliko misa.

Valko ndiye aliyeyajenga maji ya Manol, masika yote, peke yake, akimfukuza kila aliyejitolea kumsaidia. Alichonga mdomo wa jiwe, akaweka hori refu chini yake kwa ajili ya kondoo, na ukutani, kando ya mdomo, akachora maandishi: MANOL, MWASHI. WEWE UNYWAYE, SEMA: MUNGU AMSAMEHE.

Miaka ile ya kwanza ilikuwa miaka mizuri. Shamba la Dafina la tumbaku lilipakana na njia ya majini, na kutwa nzima, akiwa ameinama, alisikia nyayo, kisha kimya cha mtu anayekunywa, kisha neno. Wengine walilisema wakiwa na haraka, wengine wakipiga mbweu. Dafina aliitikia kimoyomoyo, "Na wa kwenu pia," akaendelea kulima. Hakujiona mjane kabisa. Alikuwa kama mwanamke ambaye mumewe yuko chumba cha pili na watu wanamsalimia.

Halafu zikaja chupa.

Zililetwa na Zlatina mwenye duka, pale chini karibu na kituo cha basi. Maji ya kiwandani, chupa za plastiki zilizofungwa pamoja, zimebandikwa karatasi ya bluu yenye picha ya mlima. Mlima wenyewe uliokuwa dirishani watu hawakuutazama. Mwanzoni zilinunuliwa kwa ajili ya wageni. Kisha kwa wagonjwa wa tumbo. Kisha, mvua zilipoanza kuyatia manjano maji ya bomba, kila nyumba ikanunua, na maji yasiyo na karatasi yakaonekana kama mtoto asiye na baba. Kupanda mlimani na ndoo likawa jambo la aibu, la wazee na wehu. Njia ya majini ikaota nyasi. Neno likaanza kusikika mara moja kwa siku, kisha mara moja kwa juma.

Zlatina mwenyewe hakuwahi kulisema hata siku moja. Alikuwa na kisa chake. Kabla ya ugonjwa, Manol alikuwa ameanza kumjengea ukuta nyuma ya duka, wa kuzuia udongo wa mlima, akaufikisha kiunoni na kuuacha. Kila mvua kubwa matope yalimiminika ghalani, na kila yalipomiminika Zlatina alisimama mlangoni na ufagio akisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba kuna watu hufa na kazi za wenzao mkononi. Dafina alipita na hakugeuza shingo. Wanawake hao wawili walikuwa wamechuma tumbaku pamoja wakiwa wasichana.

Kilichomvunja Dafina kilitokea makaburini, Jumamosi ya wafu, ile ya kabla ya Kwaresima. Watu walikuwa wamepanda na mishumaa, mikate, ngano ya kuchemsha na divai. Kila mmoja alipita kaburi hadi kaburi akiwamwagia wafu divai, kisha maji, kama desturi. Binamu yake Manol, mtu mwema asiye na neno baya kwa yeyote, alifika kwenye kaburi la Manol, akafungua kizibo, akamwaga. Dafina aliona karatasi ya bluu. Mtu aliyeacha maji duniani alikuwa anamwagiwa maji ya dukani.

Aliokota kile kizibo kwenye theluji, akakitia mfukoni mwa aproni, akarudi nyumbani, na supu yake ya maharagwe ikapoa mezani.

Jioni bintiye Neda alipiga simu kutoka Uhispania, alikokuwa akiwatunza wazee wa watu wengine. Dafina alimsimulia. Neda akamwambia jambo ambalo mama yake hakulipenda.

"Mama, hakuna mtu atakayepanda mlima kwa ajili ya baba. Mtu hupanda kwa ajili ya nafsi yake. Wewe zungumzia chupa. Dunia nzima sasa inazungumzia chupa."

"Chupa zimemfanya nini baba yako?"

"Zimemnyamazisha. Si ndivyo ulivyoniambia sasa hivi?"

Ndivyo ilivyoanza. Neda alimfundisha kwa mbali, kwa uvumilivu uleule ambao mama yake alimfundishia kusuka nywele. Kijiji kilikuwa na ukurasa wake mtandaoni, na watu wa Studenik waliokuwa kwenye ukurasa huo walikuwa wengi mara nyingi kuliko waliokuwa Studenik. Walikuwa madereva Ujerumani, wachuma matunda Italia, wapishi melini, na kila mmoja alikuwa na hamu ya kuona hata mbuzi wa kwao akikatiza njia. Dafina aliegemeza simu juu ya ukuta, akafunga kitambaa chake kizuri, akasimama mbele ya maji na kikombe cha shaba cha mama mkwe. Akanywa. Akasema Mungu amsamehe Manol. Kisha akaitazama simu kama anayekemea kuku.

"Nyie mnaonunua maji," alisema, "mnanunua nini? Haya hapa yanatoka bure usiku na mchana. Acheni hizo chupa. Njooni na kikombe."

Juma lililofuata alishuka kijito na gunia. Chupa zilikuwa zimenasa kwenye mierebi, juu kabisa zilikofikishwa na mafuriko, zimening'inia kama matunda ya mti uliolaaniwa. Alizichuma moja moja, mwanamke mzito mwenye goti bovu, huku akizitukana kwa matusi ya heshima. Hiyo ndiyo iliyowasha moto. Watu walicheka, wakasambaza, na watu ambao hawakuijua Studenik wakamjua Dafina. Wengine waliandika kwamba wameacha kununua chupa kwa ajili yake. Fundi mmoja wa redio huko mjini alionyesha picha ya chupa ya kioo aliyorithi kwa baba yake, akasema tangu leo anakwenda nayo kazini. Dafina alisomewa hayo na Neda kwenye simu, akatokwa na machozi, akamwambia bintiye ni kitunguu.

Dukani, Zlatina alimpokea na mikono kiunoni.

"Dada Dafina, umekuwa msanii. Utatuimbia lini?"

"Siku utakayoacha kuuza maji ya Mungu."

"Mungu hana gari la kuyaleta mpaka mlangoni. Mimi ninalo."

Waliokuwa dukani walicheka, na Dafina akasahau chumvi aliyoijia.

Mwezi wa Mei wageni walianza kuja. Siku ya kwanza alipoona gari likipanda ile njia ya nyasi, alijifuta mikono na kutoka shambani kama anayepokea posa. Gari lilisimama. Akashuka mwanamume na mkewe, watu wa mjini, wenye nyuso za upole. Wakafungua buti. Ndani mlikuwa na chupa za plastiki, kubwa na ndogo, na madumu ya lita kumi, yamepangwa hadi juu.

"Bibi, wewe ndiye wa kwenye simu?" aliuliza mwanamke kwa furaha. "Umetubadilisha kabisa. Hatununui tena. Tunazijaza hizihizi."

Wakapiga naye picha, yeye katikati. Wakajaza. Ilichukua muda mrefu, maana maji ya Manol hayakuwa mengi, yalikuwa unene wa kidole tu. Walipomaliza walimshukuru, wakaondoka. Hawakunywa. Mtu mwenye maji mengi kiasi kile garini hanywi pale pale, anakunywa nyumbani kwake, na nyumbani kwake hakuna jiwe lenye jina la mtu.

Dafina alibaki amesimama na kikombe.

Tusiwasingizie, hawakuwa watu wabaya. Katika nchi ile kila familia ina dumu lake, na kila Jumapili wanaume hutoka kutafuta maji ya mlimani kama wengine wanavyotafuta uyoga. Mama mmoja akikwambia acha chupa, unaelewa kwamba anakukataza ile mpya. Ile ya zamani ni mali, haitupwi. Kosa hilo mtu wa kwingine asingelifanya. Lakini wao walilifanya wote kwa pamoja, kwa moyo safi, na kufikia Julai foleni ya magari ilishuka hadi kwenye ukuta wa kanisa.

Foleni ilileta mambo yake. Vizibo vilijaa ndani ya hori, na kondoo wa Valko wakakataa kunywa. Mtu mmoja alikata shingo ya chupa akaipachika kwenye mdomo wa jiwe iwe kama faneli, akaishindilia mpaka jiwe likamomonyoka ukingoni. Wanaume wawili waligombania zamu, mmoja akammwagia mwenziwe dumu zima kifuani. Madumu yaliegemezwa ukutani, yakafunika jina. Dafina aliweka kikombe cha shaba kwa mnyororo, kama zamani. Kiliibwa pamoja na mnyororo. Akatengeneza video ya kugomba, akalia kabisa mbele ya simu, akasema mnaniua. Walioiona wakamtumia vijimoyo vyekundu kwa maelfu, na Jumapili iliyofuata magari yaliongezeka.

Valko alikuja akakaa kando yake juu ya mawe, mgongo wake umepinda kama mundu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Wamekuja, shemeji. Umepona?"

"Nyamaza, Valko."

"Niambie tu. Kwa siku unalisikia mara ngapi?"

Miezi ile yote ya magari, neno alikuwa amelisikia mara moja, kutoka kwa bibi mmoja kipofu aliyeletwa na mjukuu wake, akanywa kwa viganja kwa sababu ndivyo alivyojua kunywa, na akalisema bila kuhitaji kusoma. Basi.

"Zamani mtu alipokuwa na kiu alipanda," Valko alisema. "Sasa hana kiu, ana buti. Tulijenga kwa ajili ya koo, wamekuja na matangi. Si kosa la maji."

Mwezi wa Agosti maji yalipungua, kutoka kidole hadi kijiti cha kiberiti. Mwamba haukuwa umezoea watu wengi hivyo. Dafina alikaa akiyatazama yakidondoka ndani ya dumu la mtu, tone kwa tone, na mwenye dumu amelala garini. Ndipo alipojiuliza lile swali alilokuwa akilikwepa tangu Machi. Je, alikuwa amesimama mbele ya ile simu kwa ajili ya mito na samaki, au kwa ajili ya Manol? Kwa upande wa chupa alikuwa ameshinda. Zlatina alikuwa anapunguza oda, yeye mwenyewe aliona boksi zikirudishwa kwenye lori. Kwa upande wa Manol alikuwa ameshindwa vibaya kuliko zamani, kwa maana zamani pale palikuwa na nyasi na kimya, na sasa palikuwa na watu wengi ambao hawakumwona. Na maji yakikauka, basi hata jina lingebaki limechorwa juu ya jiwe kavu, na jiwe kavu ni marumaru tu.

Alimwendea Valko nyumbani, akamkuta anachoma pilipili hoho uani.

"Weka jiwe chini ya mdomo," alimwambia. "Bamba, liinuke, nafasi ibaki kiganja kimoja tu. Mkono uingie, kikombe kiingie, dumu lisiingie."

Valko aligeuza pilipili zake zote kabla ya kumjibu.

"Jiwe la Manol nimelijenga kwa mikono hii. Unataka nilitie kilema."

"Wameshalitia."

"Na dhambi? Maji ya marehemu hayafungwi, Dafina. Hata Waturuki walipotutawala hawakuyafunga."

"Sifungi. Anywe mtu mpaka tumbo limpasuke. Nani kasema marehemu anadaiwa maji ya kuogea?"

Valko alicheka, kisha kicheko kikamwishia. Akasema atalifanya kwa sharti. Kiuno chake kilikuwa na kazi moja au mbili zilizobaki ndani yake, si zaidi, na kama atashika nyundo tena kwa ajili ya Manol, ataanza pale Manol alipoishia. Ataanza na ukuta wa Zlatina.

Dafina alisimama kama aliyepigwa kofi. Alisema Zlatina amemtukana marehemu miaka yote. Alisema Zlatina ndiye mama wa chupa zote hizi. Valko alimwacha amalize.

"Shemeji," alisema, "unataka dunia nzima iseme Mungu amsamehe. Kuna mmoja tu ndani ya dunia hiyo mwenye kitu cha kumsamehe. Huyo umemruka."

Juma zima Dafina alimchukia Valko. Kisha akaenda kumchanganyia chokaa.

Walijenga nyuma ya duka mchana wa jua kali, Valko akipanga na Dafina akibeba. Zlatina alitoka, akatazama, akarudi ndani. Siku ya pili alitoka na sahani ya mkate wa jibini, akaiweka juu ya ukuta, akaingia. Siku ya tatu alisimama mlangoni.

"Manol alikuwa anaanza na mawe makubwa," alisema.

"Makubwa yameisha," Valko alimjibu. "Kama yeye."

Ukuta ulipofika kimo, walipanda majini. Valko alikuwa amechonga bamba la jiwe la kijivu, akalilaza chini ya mdomo, amelipa mteremko mdogo ili maji yatambae juu yake na kumwagikia horini bila kelele. Alipomaliza alijaribu. Kiganja kiliingia. Kikombe kiliingia kwa kuinamishwa. Na ikaonekana jambo ambalo hawakulipanga: kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo na chini, mnywaji alilazimika kuinama sana, uso karibu na ukuta, na macho yake yakaangukia juu ya jina.

Mgeni wa kwanza alifika Jumapili, mwanamume wa makamo aliyekuja na madumu kutoka mbali. Dafina alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye tumbaku, na hakutoka. Alimsikia akisukuma dumu, akilipinda, akilisukuma tena. Alimsikia akimtukana aliyejenga, na mama yake aliyejenga, na mwanamke wa kwenye simu. Kisha kimya. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa ndefu. Alisikia magoti yakigonga jiwe, akasikia kunywa kwa muda mrefu, kunywa kwa mtu ambaye hakuwa amejua kwamba ana kiu. Kisha sauti ikisoma kwa kusitasita, kama mtoto: "Manol, mwashi. Wewe unywaye..." Halafu, chini, kwa kinyongo, "Haya. Mungu amsamehe."

Dafina alikaa chini katikati ya mistari ya tumbaku. "Na wa kwenu," alisema, na mara hii alisema kwa sauti.

Mtu yule alipakia madumu yake matupu, akashuka, akasimama dukani kwa Zlatina, akanunua maji ya karatasi ya bluu, boksi mbili.

Habari hiyo Dafina aliletewa na Valko, aliyefurahia kuileta. Hakulala vizuri nayo. Jumamosi iliyofuata aliegemeza simu ukutani kama kawaida na kusema ukweli wake wote, bila Neda kumpangia. Alisema maji haya ni machache na ni ya mume wake. Alisema hayatajaza tena buti ya mtu. Atakayekuja na kikombe atakunywa, atakayekuja na chupa moja ya kioo ya mgonjwa wake, yeye mwenyewe Dafina atamjazia kwa kikombe, pole pole, na wataongea. Waliobaki, kila kijiji katika milima hii kina ufa wake katika mwamba na marehemu wake aliyesahauliwa kwenye upupu. Nendeni mkang'oe upupu kwenu, alisema. Chupa zitajifia zenyewe.

Vijimoyo havikuwa vingi mara hii. Watu walipenda akigomba, hawakupenda akiwatuma kazi. Neda alimwambia asihuzunike, mtandao ndivyo ulivyo, una kiu ya jambo jipya kila siku. Watu wachache waliandika kwamba wamekwenda kutazama chemchemi ya kwao. Mmoja alituma picha ya jembe na upupu. Mmoja, kati ya maelfu wale. Dafina aliitazama picha hiyo mara nyingi kuliko alivyotazama vijimoyo vyote.

Mwanzoni mwa Novemba, Jumamosi ya wafu ya vuli, alipanda majini mapema na ndoo yake ya shaba ili ateke ya kumpelekea Manol. Ukungu ulikuwa umelala chini ya kanisa. Maji yalikuwa yamerudi unene wa kidole. Alikuta mtu amesimama mbele ya jiwe, ameshika ndoo ya shaba iliyoota kijani ukingoni. Ilikuwa ndoo ya mama yake Zlatina, na aliyeishika alikuwa Zlatina.

Walitazamana. Dukani kwake, chini, maboksi yalikuwa yamejaa rafuni.

"Ndoo hiyo haijatiwa bati," Dafina alisema. "Itakutia sumu."

"Kwani nainywa mimi? Ni ya kumwagia mama kaburini. Yeye hadhuriki tena."

Dafina aliuma mdomo asicheke. Ndoo haikuingia chini ya mdomo wa jiwe, kwa hiyo alitoa kikombe chake kwenye aproni, akaanza kujaza, kikombe baada ya kikombe, na mwenzake akishikilia. Ilichukua muda. Ilipojaa, na ya Dafina pia, Zlatina aliweka yake chini, akasimama akiwa ameegemea ukuta kama anayepumzika. Kisha akainama. Hakutumia kikombe. Alikinga viganja, akanywa, na maji yakamchuruzika hadi kwenye mikono ya koti. Alibaki ameinama hivyo, uso karibu na maandishi, muda mrefu kuliko kiu inavyohitaji.

"Mvua ya juzi," alisema hatimaye, akiuambia ukuta, "ghala lilikuwa kavu."

"Nilisikia."

"Mungu amsamehe Manol." Akajifuta kidevu, akashika ndoo yake. "Ingawa mawe makubwa yangekuwa bora."

"Na wa kwenu, Zlatina."

Wakapanda makaburini pamoja, kila mmoja na ndoo yake ya shaba, wakitembea kwa mwendo wa zamani, ule wa kubembea, wasidondoshe.